Kibla Kiko Wapi? Safari Yetu ya Ushuaia, Mji wa Ncha ya Kusini

Usiku wetu wa kwanza mjini Ushuaia, jua lilizama saa 4 na dakika 10. Tulikuwa watu wanne dirishani: sisi wazazi wawili, binti yetu wa miaka 12, na mama, ambaye ni mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwengine. Sote tumezaliwa Mombasa, mahali ambapo magharibi huingia saa 12 na nusu au karibu yake mwaka mzima, na hapana mtoto asiyejua kwamba adhana ikilia hutakiwa arudi nyumbani. Huko tulikokuwa, saa 3 za usiku watoto walikuwa wangali wakicheza mpira njiani na mwanga wa jua umewapiga usoni. Mama alikuwa ameshika tasbihi yake. Akatazama saa, akatazama mbingu, kisha akauliza swali ambalo huwa la kwanza kwake kila aingiapo nyumba ngeni: "Wanangu, kibla kiko wapi?"

Kwa wazee wetu wa Mvita swali hilo halihitaji dira. Makka iko kaskazini mwa Mombasa, karibu sawasawa, hata katika midomo yao kibla na kaskazini ni kama kitu kimoja. Lakini sasa tulikuwa chini kabisa ya ramani, mahali ambapo jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini mwaka mzima, na mazoea ya nyumbani hayakutufaa kitu.

Kilichotupeleka

Huenda msomaji akauliza, na ana haki ya kuuliza, ni kipi kilichoipeleka familia ya Waislamu wa pwani hadi huko. Jibu lake ni marehemu baba.

Baba alikuwa baharia. Mwishoni mwa miaka ya sitini alifanya kazi katika meli za mizigo, na katika safari moja meli yao iliizunguka Rasi ya Horn, kwenye ncha ya kusini ya Amerika. Sikukuu ya Idi ilimkuta huko, Mwislamu peke yake miongoni mwa mabaharia wenziwe. Asubuhi alipanda juu ya sitaha, akalielekea jua lilikochomoza kwa kudhani kuwa ndiko mashariki, akasali na upepo ukimyumbisha. Maisha yake yote yaliyobaki alikuwa akimwambia mama, nusu kwa mzaha na nusu kwa hofu: "Sijui kama ile sala yangu ilifika."

Baba alitangulia mbele ya haki, lakini mama hakulisahau neno lake. Yeye alikwisha kutimiza Hija yake, na deni la mtu hana. Kwa miaka minne alitia akiba katika chama cha kina mama wa mtaa, nasi tukaongeza tulichojaaliwa. Alitaka kuiona bahari ile kwa macho yake na kumwombea mumewe akiwa juu yake.

Sisi tulikuwa na nia nyengine tusiyoitamka. Binti yetu husoma shule ambayo Kiingereza ndicho kitawalacho. Bibi yake akimsemesha kwa Kimvita, humjibu kwa Kiingereza, na akijitahidi kumjibu kwa Kiswahili, huwa ni kile cha mtaani ambacho bibi hakifuati. Wawili hao wanapendana, wala hapana aliyemkosea mwenziwe. Ila mazungumzo yao yalikuwa yamepungua kidogo kidogo, yakabaki salamu, chakula na kuagana wakati wa kulala. Hadithi ya sala ya baba, ambayo sisi tumeisikia mara mia, yeye hakuwa akiijua. Tulitumai kwamba kuwa pamoja safarini kungewarudisha karibu.

Masikio ya mama

Safari yenyewe ni ndefu. Kutoka Mombasa tulikwenda Nairobi, kisha Addis Ababa, kisha São Paulo nchini Brazil, kisha Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina. Tulifika Alhamisi, na Ijumaa tukasali katika Kituo cha Kiislamu cha Mfalme Fahd, mtaa wa Palermo, kilichofunguliwa mwaka 2000 katika ardhi iliyotolewa na serikali ya Argentina. Rais wa nchi wakati ardhi hiyo ilipotolewa, Carlos Menem, alikuwa mwana wa wahamiaji kutoka Syria. Watu wenye asili ya Syria na Lebanon ni wengi nchini humo, Wakristo kwa Waislamu, na wahenga wao walianza kufika mwishoni mwa karne ya 19.

Kilichomshangaza mama zaidi ni lugha. Kihispania hakijui hata kidogo, lakini masikio yake yaliokota maneno. Meza huko ni mesa. Viatu ni zapatos, na mara moja akazikumbuka sapatu zetu. Sukari ni azúcar. Maneno mengine yalitufikia sisi kupitia Wareno, na mengine wao waliyapata kwa Waarabu waliokaa Hispania kwa karne nyingi. Na kila mtu huko, awe mcha Mungu au asiwe, akitamani jambo lisilo mikononi mwake husema ojalá. Wataalamu wa lugha wanasema asili yake ni maneno ya Kiarabu yenye kumtaja Mwenyezi Mungu na kupenda kwake.

"Basi hawa wasema inshallah na hawana habari," alisema mama. Tangu siku hiyo, kila alipoisikia sokoni au hotelini, aliitikia kwa sauti: "Inshallah."

Mji ulio mwisho wa njia

Ushuaia uko mwendo wa saa 3 na nusu kwa ndege kutoka Buenos Aires, katika kisiwa kikubwa kiitwacho Tierra del Fuego, yaani Nchi ya Moto. Jina hilo lilianzia mwaka 1520, wakati mabaharia wa Magellan walipopita huko na kuiona mioto ya wenyeji ikiwaka pwani. Leo kisiwa kimegawanywa baina ya Argentina na Chile. Barabara Kuu Nambari 3, ianzayo Buenos Aires, huishia karibu na mji huu baada ya zaidi ya kilomita 3,000, katika ghuba ya Lapataia, na hapo pana ubao ambao kila mgeni husimama kupigwa picha. Mbele yake ni maji, visiwa, na kiasi cha kilomita 1,000 kabla ya kufika Antaktika. Meli nyingi zinazowapeleka watalii huko huondokea bandari ya Ushuaia.

Wenyeji huuita mji wao mwisho wa dunia, na jina hilo limeandikwa madukani, katika vikombe na katika fulana. Kuna ushindani kidogo, kwa kuwa ng'ambo ya maji, upande wa Chile, upo Puerto Williams ulio kusini zaidi, nao ulipewa hadhi ya mji mwaka 2019. Lakini Puerto Williams ni mdogo sana, hali Ushuaia una watu wapatao 80,000, viwanda, shule na misongamano ya magari. Nyumba zake zimepanda mlima. Nyuma yake iko safu ya milima ya Martial, yenye theluji hata mwezi wa Desemba, ambao kwao ni kiangazi.

Kiangazi chao kilitufanya tuvae makoti mawili mawili. Kwa siku moja tulipata jua, mvua, mvua ya mawe, kisha jua tena. Upepo wa huko una nguvu hata miti ya lenga iliyo mahali pa wazi imeinama yote upande mmoja, kama bendera zilizogandishwa zikipepea. Ulipoliinua buibui la mama bandarini, aliifungua leso aliyojitanda, akaifunga kiunoni juu ya koti, akaendelea na safari yake. Mama mmoja wa Kiargentina alimsimamisha ili aitazame leso hiyo na kuishika. Hawakuelewana hata neno, wakaachana wote wawili wakicheka.

Mji huu ulijengwa kwa jasho la wafungwa. Jela kubwa ilianza kujengwa mwaka 1902, na wafungwa wenyewe ndio waliovunja mawe na kukata magogo, wakipelekwa msituni kwa garimoshi dogo. Visiki vyao vingali vinaonekana. Vimekatwa juu na chini kwa urefu usiolingana, kwa kuwa kila mti ulikatwa pale theluji ilipofikia siku hiyo. Jela ilifungwa mwaka 1947 na sasa ni makumbusho. Tuliingia chumba kimoja, tukasimama kimya, tukatoka.

Uzi juu ya tufe

Kuhusu nyakati za sala, tulijiandaa kabla ya kuondoka. Ushuaia uko nyuzi 54 na dakika 48 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Desemba jua hukaa juu kwa zaidi ya saa 17, na hata likizama haliteremki mbali chini ya upeo wa macho. Weupe wa magharibi hauondoki wote, bali husogea polepole upande wa kusini hadi ukutane na weupe wa alfajiri. Kwa hivyo alama za kuingia kwa isha na alfajiri haziko wazi kama zilivyo kwetu. Mwezi wa Juni mambo hugeuka, na mchana huwa wa saa 7 na dakika chache tu. Ramadhani ilipoangukia Juni, kama mwaka 2016, mfungaji wa kule aliliona jua kwa saa hizo 7, ilhali ndugu zetu wa kaskazini mwa Ulaya walikuwa wakifunga saa 18 na zaidi.

Tulimwendea sheikh wetu kumuuliza. Alitueleza kwamba wanazuoni wana kauli zaidi ya moja juu ya miji ya aina hii, na mojawapo ni kukadiria nyakati kwa kufuata mji ulio karibu zaidi ambao alama zake zimo wazi. Kwa kuwa sisi tulikuwa wasafiri wasiokusudia kukaa siku nne kamili, alitukumbusha ruhusa ya msafiri katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii. Basi tukazipunguza sala zenye kupunguzwa, tukaikusanya isha pamoja na magharibi jua lilipokwisha kuzama, na alfajiri tukaisali kwa makadirio, kabla ya jua kuchomoza mwendo wa saa 11 kasoro dakika 10. Msomaji mwenye safari kama hii asiyachukue haya kuwa fatwa. Amuulize sheikh wake, kwani hali za wasafiri hazifanani.

Kibla alitutafutia binti yetu. Programu ya simu ilimwonyesha mashariki, naye hakuiamini. Palikuwa na tufe la dunia mapokezi ya hoteli. Aliomba uzi kwa bibi yake, ambaye hasafiri bila sindano na uzi, akaushikilia ncha moja juu ya Ushuaia na kuuvuta ukaze hadi Makka. Uzi uliondoka Ushuaia ukielekea mashariki, karibu sawasawa. Ukavuka Atlantiki, ukapanda pole pole, ukaingia Afrika kwa upande wa Angola, ukakata Kongo na Sudan Kusini, ukavuka Bahari ya Shamu. Umbali wake ni kama kilomita 13,000.

Binti alimweleza bibi yake kwa Kiingereza, kwa furaha na kwa haraka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Sema kwa Kiswahili, mwanangu, nami nisikie."

Alinyamaza, akatafuta maneno. "Kibla cha hapa, bibi," akasema, "kinapita Afrika kwanza. Kinapita karibu na kwetu."

Mama aliutazama uzi. Kisha akauliza kuhusu jua: je, si huchomoza mashariki? Hapo ndipo sisi tulipoelewa jambo ambalo baba hakulijua. Karibu na ikweta, jua halipotoki mbali na mashariki. Lakini kusini ya mbali kama hiyo, mwezi wa Desemba na mwanzoni mwa Januari, huchomoza kusini-mashariki, zaidi ya nyuzi 40 kando ya mashariki yenyewe. Tulihakikisha asubuhi yake kwa dira. Aliyelielekea jua siku ile juu ya sitaha alikuwa amekiacha kibla kushoto kwake.

Tulihofu kumwambia. Tulipomwambia, mama alikaa kimya kwa muda, akahesabu tasbihi yake. "Alijitahidi kwa alichokijua," alisema. "Na Mola wake alijua alikokusudia. Yaliyobaki si yangu wala si yenu." Mambo ya hukumu tumewaachia wenye elimu. Lakini binti yetu alituuliza sisi, si bibi yake, kwa nini bibi analia, nasi tukamjibu: "Muulize mwenyewe. Ni hadithi yake." Hakumwuliza. Alimtazama bibi yake, na bibi akamtazama yeye, kisha kila mmoja akaenda kitandani kwake.

Chakula na tahadhari zake

Kwa wenye nia ya kusafiri tuseme machache kuhusu chakula. Sifa ya mji ni kondoo mzima aliyebanikwa wima kando ya moto, na kaa mkubwa wa bahari baridi aitwaye centolla. Nyama tuliiacha kwa kuwa hatukupata uhakika wa kuchinjwa kwake. Kaa tulimwacha pia, kwa sababu katika madhehebu yetu pana maneno juu yake, na mama hakutaka shaka ndani ya tumbo lake. Samaki tulikula kila siku, nao ni wazuri, hasa wa maji ya kina kirefu, mwenye nyama nyeupe na mafuta mengi.

Jihadhari na mikate midogo ya asubuhi iliyopindwa kama mwezi mwandamo. Ipo iliyotengenezwa kwa siagi, na ipo iliyotengenezwa kwa mafuta ya mnyama, tena huwekwa sahani moja. Uliza kila mara. Beba tende, biskuti na mchele kidogo ukiweza. Visa itafutwe mapema kabla ya kulipia tiketi, na koti la kuzuia upepo lina faida kuliko sweta tatu.

Juu ya maji ya Beagle

Siku ya pili tulipanda mashua kubwa ya watalii katika Mlango wa Beagle, mkono mwembamba wa bahari unaokwenda mashariki na magharibi kwa kiasi cha kilomita 240. Jina lake ni la meli ya Waingereza iliyopima maji hayo, na ambayo baadaye ilimchukua Charles Darwin. Tuliona simba-bahari wamelala juu ya majabali, na minandi weusi wenye vifua vyeupe ambao abiria wengi waliwadhania kuwa pengwini. Juu ya kijisiwa cha mwisho umesimama mnara wa taa wenye rangi nyekundu na nyeupe, uitwao Les Eclaireurs, unaowaongoza mabaharia tangu mwaka 1920.

Mashua ilipoufikia mnara huo, omo yake ilikuwa imeelekea mashariki. Mama aliuliza: "Ni huku?" Tukamwambia ni huku. Akasimama huku tumemshika mikono pande zote mbili kwa sababu ya upepo, akainua viganja vyake akamwombea baba. Dua yenyewe hatukuisikia, upepo ulikuwa ukiyachukua maneno. Mbele yetu palikuwa na maji tu, na baada ya maji, kwa mujibu wa ule uzi, ni Afrika.

Moto ndani ya mtumbwi

Siku ya tatu mvua ilitufungia ndani ya makumbusho madogo yanayoeleza maisha ya wenyeji wa asili, Wayagan, ambao pia huitwa Wayámana. Huko ndiko tulikopata jambo ambalo hatukulifuata.

Jina la Ushuaia ni neno lao, na huelezwa kuwa na maana ya ghuba iingiayo ndani kuelekea magharibi. Walikuwa watu wa bahari kama sisi. Waliishi katika mitumbwi ya magome ya miti yaliyoshonwa, na mama aliposikia hivyo aliikumbuka mitepe ya kwetu, iliyoshonwa kwa kamba bila ya msumari. Mume alikaa mbele na chusa kuwinda sili. Mke ndiye aliyepiga kafi, na yeye ndiye aliyezamia katika maji yale ya baridi kutafuta kome. Kuogelea ilikuwa elimu ya wanawake. Katikati ya mtumbwi, juu ya udongo, uliwaka moto usiozimwa, na kazi ya kuulinda ilikuwa ya watoto.

Maelezo ukutani yalikuwa kwa Kihispania na Kiingereza. Binti yetu alichukua jukumu la kumfasiria bibi yake. Alianza vizuri, kisha akakwama. Alilijua jambo, lakini hakuwa na neno la kafi, wala la chusa, wala la gome. Alikuwa akionyesha kwa mikono, na mama akawa anampa maneno moja moja: "Hilo ni kafi. Hilo ni gome. Huyo ni kome, hata kwetu yuko." Msichana wa pwani, aliyezaliwa hatua chache kutoka baharini, alikuwa akijifunza maneno ya bahari yake katika ncha ya pili ya dunia. Sisi tulisimama nyuma yao na aibu yetu, kwa kuwa kosa halikuwa lake.

Kisha akafika ukutani mwishoni, akasoma, akakaa kimya. Darwin alipowaona wenyeji wa Tierra del Fuego aliandika kwa dharau kwamba lugha yao haistahili hata kuitwa usemi. Miongo michache baadaye mmishonari Thomas Bridges, aliyejifunza Kiyagan tangu ujana wake, alianza kuyakusanya maneno yake, yakafika zaidi ya 32,000. Neno lao moja limejulikana ulimwengu mzima, mamihlapinatapai. Hufasiriwa kuwa ni kule kutazamana kwa watu wawili, kila mmoja akitaka mwenziwe aanze jambo ambalo wote wawili wanalitamani na hapana anayethubutu kulianza.

Lakini wageni walileta maradhi. Serikali ya Argentina iliweka bendera yake Ushuaia mwaka 1884, na muda mfupi baadaye surua iliwaua wenyeji wengi. Waliobaki walitawanyika, na watoto wao wakakua na Kihispania. Mzungumzaji wa mwisho aliyekilelewa Kiyagan tangu utotoni, Bi Cristina Calderón, alifariki Februari 2022 upande wa Chile, akiwa na umri wa miaka 93. Aliacha watoto na wajukuu, na mjukuu wake mmoja alishirikiana naye kuyaandika masimulizi ya wazee wao. Wayagan wako hai hadi leo na wanajitahidi kuifufua lugha yao. Ila kwa miaka mingi bibi huyo hakuwa na mtu wa kuzungumza naye kwa ufasaha lugha ya mama yake.

Binti yetu alimfasiria bibi yake yote hayo kwa Kiswahili, neno kwa neno, polepole. Alipofika kwenye lile neno la kutazamana, mama alimwambia: "Basi anza wewe."

Akaanza. "Bibi," akauliza, "juzi ulikuwa ukilia nini?"

Walikaa kwenye benchi la makumbusho kwa muda wa saa nzima. Mama alimweleza habari za babu yake, meli, Idi na jua lililompoteza. Mara kwa mara tulimsikia binti akikatiza: "Sitaha ni nini, bibi?" "Omo ni wapi?" Naye mama hakuchoka kumjibu. Nje mvua ilikwisha, jua likatoka, mvua ikarudi, na wao wasitambue.

Tulichorudi nacho

Kiswahili hakifi. Husemwa na mamilioni, kina redio, vitabu na vyuo vikuu. Lakini lugha ya nyumba moja yaweza kufa ndani ya nyumba hiyo, wala pasiwe na surua wala bendera ya mgeni. Yatosha wazazi kuona fahari mtoto akijibu kwa Kiingereza mbele ya wageni, na yatosha bibi kunyamaza ili asimsumbue mjukuu. Mtoto huyo atakijua Kiswahili cha mtihani, lakini hadithi ya babu yake haikuandikwa katika kitabu chochote cha shule. Imo katika Kimvita cha bibi yake, na bibi ana miaka 74.

Hatumwambii msomaji aende Ushuaia. Alhamdulillahi tulijaaliwa kwenda, na aliyejaaliwa kwenda mbali na ashukuru. Tulipofika nyumbani tuliweka jambo dogo tu. Baada ya sala ya magharibi simu huwekwa kabatini, na mpaka isha iingie, binti hukaa barazani na bibi yake, na lugha ni ya bibi. Wiki ya kwanza palikuwa na malalamiko. Wiki ya tatu alileta daftari. Sasa ana kurasa nyingi za maneno: ya jikoni, ya harusi, ya jahazi, ya pepo za kusi na kaskazi.

Ukurasa wa kwanza ameuandika sala ya Idi ya babu yake, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake. Chini yake amechora tufe la dunia, na juu ya tufe hilo ameushona, kwa mkono wa bibi yake, uzi mmoja mwekundu kutoka Ushuaia hadi Makka.

Mola amrehemu baba, aikubali sala yake, na awajaalie wazee wetu umri na wajukuu wenye kuuliza. Amin.